Massimo d'Azeglio: Mandhari, Riwaya na Uzalendo

Neno mandhari lina kazi mbili katika uhakiki wetu. Hutaja sura ya nchi inayoonekana kwa macho; hutaja pia mahali na wakati ambamo matukio ya hadithi hutendeka. Ni nadra kumpata msanii ambaye maisha yake yanaziunganisha maana hizo mbili. Massimo d'Azeglio (1798-1866), mchoraji, mwandishi wa riwaya na mwanasiasa wa Italia, ni mmoja wao. Makala haya yanadai kwamba uzalendo wake hauwezi kueleweka tukimtenga mchoraji na mwandishi.

D'Azeglio alizaliwa Turin katika ukoo wa makabaila. Mwaka 1814 alifuatana na baba yake, aliyekuwa balozi, hadi Roma. Baadaye aliacha kazi ya jeshi akajifunza uchoraji kwa Martin Verstappen, mchoraji kutoka Flanders. Kwa watu wa tabaka lake, kuchora kwa kujiburudisha hakukuwa na ila, bali kuuza picha ili kupata riziki kulikuwa fedheha. Yeye aliikubali fedheha hiyo. Alikaa katika vijiji vya jirani ya Roma, kama vile Marino na Rocca di Papa, akichora nje, mbele ya miti na miamba yenyewe. Ikumbukwe kwamba baada ya Mkutano wa Vienna wa 1815, Italia ilikuwa imegawika katika dola kadhaa, na Austria ilitawala Lombardia na Venezia. Ardhi hiyo, basi, iliweza kuchorwa kabla ya kuwa taifa.

Mwaka 1831 alihamia Milan, akamwoa Giulia, bintiye Alessandro Manzoni, mwandishi wa I promessi sposi. Alikuwa amekwisha kuanza kuchora pambano la Barletta la 1503, ambapo wapiganaji 13 wa Italia waliwashinda Wafaransa 13, alipoona kwamba kisa hicho kilistahili pia kuandikwa. Matokeo yake ni riwaya ya Ettore Fieramosca (1833). Chini ya udhibiti wa Austria, adui wa karne ya 16 aliweza kutajwa pale ambapo adui wa wakati huo hakutajika.

Wahusika wa riwaya hiyo ni bapa: wema ni wema mno, na Cesare Borgia ni mwovu asiye na chembe ya utu. Hata hivyo, historia yenyewe inaitia riwaya utata. Waitalia wale 13 walikuwa wakiitumikia Hispania. Na upande wa Wafaransa alikuwako Grajano, mtu wa Asti, mji wa Piemonte, eneo alikotoka mwandishi mwenyewe. Heshima ya taifa ilipiganiwa katika vita vya wageni wawili, na msaliti alikuwa ndugu. Hapa ndipo riwaya inapopata uzito.

Utata huo ulimfuata katika siasa. Mwaka 1846 alichapisha kijitabu kuhusu maasi ya Romagna, akihimiza madai ya wazi badala ya njama za siri. Mwaka 1848 alijeruhiwa akiitetea Vicenza dhidi ya Waaustria, na mwaka huohuo akachapisha utetezi wa haki za kiraia za Wayahudi. Akiwa waziri mkuu wa Ufalme wa Sardinia (1849-1852), aliilinda katiba. Lakini umoja ulipopatikana mwaka 1861, yeye huyohuyo alihoji uhalali wa kuitawala Napoli kwa vikosi vya askari.

Kumbukumbu zake, I miei ricordi, zilichapishwa mwaka 1867. Usemi mashuhuri anaohusishwa nao, kwamba Italia imekwisha kuundwa na sasa waundwe Waitalia, haumo humo kwa umbo fupi linalonukuliwa. Wengine waliufupisha baadaye. Wazo lenyewe, hata hivyo, ni lake. Aidha, kwa makadirio ya Tullio De Mauro, mwaka 1861 ni asilimia 2.5 tu ya wakazi waliozungumza Kiitalia. Riwaya iliyokusudia kuwaamsha Waitalia iliandikwa kwa lugha ambayo wengi wao hawakuijua.

Hapa tunaona mpaka wa fasihi ya kizalendo. Inaweza kulipa taifa mandhari, mashujaa na aibu ya pamoja. Haiwezi peke yake kulipa wasomaji. D'Azeglio anastahili kusomwa kwa sababu alilitambua pengo hilo, wala hakulifunika kwa shangwe za ushindi.