Shule Iliyogeuzwa Gereza

Tuol Sleng, katika mji wa Phnom Penh nchini Kambodia, ilijengwa iwe shule. Tulipoingia tuliona majengo ya ghorofa tatu yakizunguka uwanja wenye miti, kama shule yoyote ile. Mpaka unapofika mlangoni mwa darasa na kuona kitanda cha chuma na pingu za miguu.

Khmer Rouge waliuteka mji huo tarehe 17 Aprili 1975. Shule zilifungwa, ibada zikapigwa marufuku, na shule hii ikafanywa gereza la siri lililoitwa S-21. Madarasa yaligawanywa kwa matofali yakawa vyumba vyembamba vya mfungwa mmoja mmoja. Barazani pakafungwa seng'enge, ili asiwepo wa kujirusha chini akafa kabla ya kuhojiwa. Wafungwa walipigwa picha walipoletwa, na picha hizo leo zimejaa ukumbini: wanaume, wanawake, hata watoto. Mahakama ilikuja kuthibitisha kwamba watu wasiopungua 12,272 wa gereza hili waliuawa. Waliotoka hai ni wachache mno. Utawala ule ulianguka Januari 1979, na mwaka uliofuata gereza likawa makumbusho.

Mkuu wa gereza alikuwa Kaing Guek Eav, aliyeitwa Duch. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa hisabati. Baada ya kushindwa alijificha kwa jina jingine, na katika miaka ya 1990 akamwamini Kristo na kubatizwa. Mwaka 1999 mwandishi wa habari alimtambua, naye akakamatwa.

Hapo ndipo tulipokwama. Je, huyu naye ni ndugu yetu? Kwa imani tuliyoipokea hatuwezi kusema kwamba neema ya Mungu huishia kwenye lango la Tuol Sleng. Lakini kutamka neno "amesamehewa" mbele ya picha zile, ulimi ulikuwa mzito.

Kesi yake ilisikilizwa mwaka 2009. Duch alikiri kuhusika na akaomba msamaha. Miongoni mwa walionusurika alikuwepo Bou Meng, mchoraji, ambaye mkewe aliuawa. Hakuomba kisasi. Alimwuliza Duch mkewe aliuawa mahali gani, apate kwenda kuchukua udongo wa pale na kumwombea. Duch hakuwa na jibu la hakika. Kisha, siku ya mwisho ya kesi, mtu huyo aliyekuwa ameomba msamaha aliiomba mahakama imwachie huru. Rufaa ilimalizika mwaka 2012 kwa kifungo cha maisha, naye akafa mwaka 2020 akiwa bado mfungwa.

Moyo wake anaujua Mungu. Sisi tulimkumbuka yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Bwana. Alikiri kwamba adhabu yake ni haki, akaomba akumbukwe tu. Alipewa ahadi ya Paradiso siku ile ile, lakini hakushushwa msalabani. Msamaha wa Mungu haukuifuta hukumu ya duniani, wala hiyo hukumu haikuuzuia msamaha.

Wapendwa, jambo hili haliko Kambodia tu. Katika makanisa yetu, aliyekula mali ya yatima akilia madhabahuni twafanya haraka kusema, "Yaishe." Yule yatima akiuliza shamba lake liko wapi, twamwambia ana moyo mgumu. Zakayo hakufanya hivyo. Alisimama akataja nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu.

Basi tumpokee anayetubu, wala tusimfukuze. Lakini kabla ya kusema yameisha, tumwendee kwanza aliyeumizwa, tumwulize anataka kujua nini, na tukae naye mpaka apate jibu. Bou Meng aliomba udongo tu, na hata huo hakuonyeshwa kwa hakika pa kuuchukua.