Kwenda dansini na familia: bendi kongwe, wazee na watoto

Nyumba nyingi vijijini zinazijua Msondo na Sikinde kwa redio tu. Baba anajua kila ubeti, mama anajua tarumbeta zinaingia wapi, na watoto wameshika viitikio bila kufundishwa na mtu. Lakini ukiuliza ni nani katika nyumba hiyo amewahi kuziona bendi hizo zikipiga, mara nyingi utaambiwa hakuna, au ni mzee peke yake, enzi zile akifanya kazi mjini.

Wasikilizaji wetu hutuuliza kama inafaa kumpeleka mzazi na watoto kwenye dansi, na kama inafaa, wajipange vipi. Katika makala haya tunaeleza bendi kongwe ni zipi, onyesho lao linakwendaje, na mambo ya kuangalia mnaposafiri na mzee au mtoto. Tunaeleza pia kwa nini tunawashauri msiahirishe sana.

Dansi ni muziki gani?

Muziki wa dansi ni muziki wa bendi za mijini, uliokua Tanganyika kuanzia miaka ya 1930. Ulichukua rumba kutoka kwenye santuri za Kuba, ukachukua magita ya Kongo, ukaongeza midundo ya ngoma za hapa nyumbani na mashairi ya Kiswahili. Bendi kamili huwa na gita la solo, la ridhimu na la besi, tumba, dramu, tarumbeta na saksafoni, ambayo wengi huiita mdomo wa bata. Mbele husimama waimbaji kadhaa wanaopokezana.

Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Kwanza huja maneno, taratibu, ili kisa kisikike: ugomvi wa ndoa, msiba, ulevi, mtoto asiyemkumbuka mzazi. Kisha muziki unachangamka. Magita yanashika kasi, tarumbeta zinajibizana na waimbaji, na watu wanainuka. Sehemu hii ya pili huitwa chemko.

Hapo ndipo redio inapokosa kitu. Upande mmoja wa santuri ndogo ulibeba dakika chache tu, kwa hiyo chemko lilikatwa, au wimbo uligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili. Ukumbini hakuna wa kulikata. Watu wakiwa uwanjani wanacheza, bendi inaendelea. Mtoto anayeufahamu wimbo kwa redio pekee anajua kisa, lakini chemko lenyewe hajakutana nalo.

Bendi kongwe ni zipi?

Msondo Ngoma ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz Band, mali ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika jina, bendi nayo ilibadilika: ikawa Juwata Jazz, kisha OTTU Jazz, na baadaye Msondo Ngoma. Ndiyo maana babu anaweza kusema NUTA, baba akasema Juwata, na kijana akasema Msondo, wote wakiwa wanazungumzia bendi ileile.

Mlimani Park Orchestra ilianza mwaka 1978, ikachukua jina la baa iliyokuwa karibu na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadaye ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Wengi wanaiita Sikinde, kwa jina la mtindo wake uliotokana na ngoma ya Wazaramo. Baadhi ya waanzilishi wake walitoka NUTA, akiwemo Muhidin Maalim Gurumo, na tangu hapo bendi hizi mbili ni watani kama Simba na Yanga. Zinapopambana jukwaa moja, hasa nyakati za sikukuu, ukumbi hugawanyika pande mbili.

Zilikuwepo nyingine nyingi. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ilikwenda Japani kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo. Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa walikuwa na bendi zao. Ndugu wa Kinyonga walitoka Tanga wakaenda Kenya, na Simba Wanyika yao ikajaza kumbi za Nairobi. Kenya nyimbo za enzi hizo huitwa zilizopendwa, na Tanzania huitwa zilipendwa.

Nyingi kati ya bendi hizo hazipo tena. Zilizobaki zimeweka damu changa: utakuta mzee wa miaka sabini jukwaani na mpiga besi aliyezaliwa baada ya wimbo wenyewe kurekodiwa.

Kwa nini tunasema msiahirishe

Zamani mwanamuziki wa dansi alikuwa mwajiriwa. Shirika, kiwanda au chama kilinunua vyombo na kulipa mshahara. Mashirika yalipofungwa au kuuzwa, bendi nyingi zilibaki kutegemea kiingilio cha mlangoni. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuja wakati nyimbo nyingi maarufu zilikuwa zimeshapigwa redioni miaka na miaka.

Gurumo aliimba kwa zaidi ya miaka hamsini. Alipotangaza kustaafu mwaka 2013, alipewa gari na Diamond Platnumz, kijana ambaye hakuwa amezaliwa Gurumo alipoanza kuwika. Wengi walifurahi, na wengi walijiuliza iweje sauti iliyojaa kila redio imalize kazi bila gari lake mwenyewe. Gurumo alifariki Aprili 2014. TX Moshi William wa Msondo alikuwa ametangulia mwaka 2006. Shaaban Dede alifuata mwaka 2017, na King Kikii, aliyeimba Kitambaa Cheupe, mwaka 2024.

Kwa hiyo kiingilio unachotoa ni sehemu ya ujira wa mwimbaji huyo angali hai. Kama mzee wa nyumbani kwenu ana bendi anayotamani kuiona kabla hajachoka kabisa, msimu mzuri ni huu unaokuja, mazao yakishauzwa.

Chagueni onyesho la mchana

Dansi la kawaida la usiku huanza kama saa tatu na kwisha usiku wa manane au zaidi. Hilo si la watoto, na wazee wengi hawaliwezi tena. Kwa familia, tafuteni onyesho la Jumapili alasiri, ambalo wengi huliita bonanza, linaloanza kama saa kumi jioni.

Hili si jambo geni. Miaka ya 1970 kulikuwa na dansi za mchana za mwisho wa wiki zilizoitwa bugi. Vijana wa shule walizijaza, wakacheza, wakarudi nyumbani mapema. Babu na bibi wengi walianzia huko.

Nafasi nyingine ni matamasha. Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, hufanyika Zanzibar mwezi Februari, na jukwaa lake kuu kwa miaka mingi limekuwa Ngome Kongwe. Wanamuziki wakongwe hupanda jukwaani pamoja na vijana, na shughuli huanza jua likingali juu.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Msisafiri kwa kutegemea bango la barabarani wala ujumbe uliosambazwa kwenye simu. Pigeni simu ukumbini, na mkiweza mpigieni pia kiongozi wa bendi, siku mbili kabla na tena asubuhi ya safari. Ulizeni mambo manne: bendi ni ipi hasa, inaanza saa ngapi, kiingilio ni kiasi gani kwa mkubwa na kwa mtoto, na je, watoto wanaruhusiwa.

Swali la kwanza lina sababu. Wapo watu wanaotumia jina la mwimbaji maarufu kuvutia wateja, kumbe anayekuja ni mwingine anayeimba nyimbo zake. Kurudia nyimbo za wengine, yaani kukopi, si kosa, na wapo wanaokopi vizuri sana. Lakini mzee aliyesafiri saa sita kwa ajili ya mtu fulani ana haki ya kujua mapema.

Andikeni gharama zote kwenye karatasi: nauli ya kwenda na kurudi kwa kila mtu, kiingilio, chakula, maji, bajaji ya mjini, na pa kulala. Mabasi mengi ya vijijini hayasafiri usiku, kwa hiyo hesabuni kulala kwa ndugu au gesti. Wekeni pembeni fedha ya dharura na msiiguse. Kama hesabu haitoshi, ni heri kungoja onyesho lijalo kuliko kurudi na deni la duka.

Mkiwa na mzee

Fikeni mapema mpate meza ya pembeni, mbali na spika, yenye kiti cha kuegemea na njia fupi ya kwenda chooni. Hakikisheni dawa zake zipo na amekula, hasa kama ana sukari au shinikizo la damu. Bebeni mtandio au koti kwa ajili ya baridi ya kurudia.

Muulizeni nyumbani anataka kusikia wimbo gani. Uandikeni kwenye kikaratasi, mmpe mhudumu au mfuasi wa bendi aufikishe jukwaani, pamoja na jina la mzee na kijiji anachotoka. Bendi hizi zina desturi ya kutaja majina ya watu waliomo ukumbini. Anayetajwa akiwa amekaa na wajukuu wake hatalisahau jambo hilo.

Akitaka kucheza, mwacheni acheze. Mmoja wenu akae karibu naye, basi.

Mkiwa na watoto

Kwa Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Ukumbi ukiwa ni baa, hata mchana, ulizeni kabla kama watoto wanaruhusiwa, na mkiambiwa hapana msibishane mlangoni. Wakiruhusiwa, mtoto asitumwe kuchukua vinywaji kaunta, na mmoja wa wakubwa asinywe kabisa siku hiyo. Yeye ndiye mwenye zamu ya watoto.

Jambo linalosahaulika ni masikio. Spika za ukumbini zinaweza kuumiza usikivu, na usikivu ukipotea kwa makelele haurudi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri sauti katika kumbi za burudani isizidi wastani wa desibeli 100. Hamhitaji kipimo. Ukilazimika kupiga kelele ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, hapo mlipo ni karibu mno na spika. Sogeeni nyuma, na kila baada ya muda watoeni watoto nje wapumzishe masikio. Pamba ya kawaida husaidia kidogo sana. Vizibo maalumu vya masikio, ambavyo baadhi ya maduka ya dawa huviuza, ni bora zaidi. Mtoto mchanga abaki nyumbani.

Wekeni saa ya kuondoka kabla hamjaingia, na muifuate hata kama chemko limekolea.

Adabu za ukumbini

Kutuza ni sehemu ya dansi. Wimbo ukikugusa, unakwenda mbele ukicheza, unamwekea mwimbaji noti mkononi au kwenye paji la uso, kisha unarudi. Si lazima iwe noti kubwa. Mkimpa mtoto ndiye apeleke, mmoja wenu amsindikize. Kumbukeni wapiga magita na tumba waliokaa nyuma, maana wengi huwasahau.

Subirini sehemu ya kisa iishe ndipo mjae uwanjani. Wakongwe hupenda maneno yao yasikilizwe.

Kurekodi kwa simu, dakika moja mbili za mzee wenu akicheza ni kumbukumbu nzuri ya nyumbani. Kurekodi onyesho zima na kulisambaza kunawapunguzia wenyewe riziki. Na mtu aliyeshika simu juu saa nzima huwa hachezi.

Kama safari haiwezekani

Si kila familia itamudu. Njia moja ni kijiji kuungana. Familia kadhaa zikichanga, zinaweza kuajiri bendi ndogo ya makao makuu ya wilaya au mkoa ipige kwenye sikukuu, mchana, katika uwanja wa shule. Andikianeni mapatano: siku, saa, malipo, nani analeta jenereta na mafuta yake, na nini kitatokea mvua ikinyesha.

Njia nyingine ni kumsikiliza mzee wenyewe. Wimbo wa zamani ukipigwa redioni, zimeni mazungumzo mengine kisha mumuulize: uliusikia wapi mara ya kwanza, ulicheza na nani, bendi ilikuwa na watu wangapi? Rekodini majibu kwa simu. Rekodi nyingi za Radio Tanzania zimehifadhiwa TBC, lakini hazielezi watu walivaa nini siku hiyo, wala walitembea maili ngapi kurudi nyumbani alfajiri.

Ila kama nauli ipo na mzee bado anaweza kupanda basi, pelekeni mzee na wajukuu pamoja. Mwacheni awaonyeshe mwenyewe chemko linavyochezwa.