Siku Katika Mchanga wa Nebraska

Ikiwa wewe, msomaji, umepata kupanda baiskeli katika njia ya mchanga, wajua ya kuwa chombo kile hugeuka mzigo mara moja. Gurudumu la mbele huzama, usukani hukataa amri, na mpandaji hana budi kushuka akakisukuma. Basi fikiri umeshuka hivyo, jua la Julai li utosini, una bunduki ya ratili 10 hivi, kiunoni una mshipi wa risasi 50, na mchanga ulio mbele yako hauishi leo wala kesho. Hiyo ndiyo hali iliyowapata askari weusi 20 wa Rejimenti ya 25 ya askari wa miguu wa Marekani, walipovuka vilima vya mchanga vya Nebraska mwaka 1897.

Mkuu wao alikuwa Luteni James A. Moss, Mzungu kijana, ambaye mwaka 1894 alihitimu chuo cha maofisa cha West Point akiwa wa mwisho katika darasa lake. (Haya nayataja ili yule ashikaye mkia darasani asikate tamaa upesi.) Moss aliamini kuwa baiskeli yaweza kushika kazi ya farasi katika jeshi. Farasi hula, hunywa, huugua, na mlio wake humwamsha adui; baiskeli haina hata moja katika hayo. Mwaka 1896 aliwaongoza askari wanane hadi Yellowstone na kurudi. Mwaka uliofuata akaomba ruhusa ya safari kubwa zaidi: kutoka Fort Missoula katika Montana hadi mji wa St. Louis, umbali wa maili 1,900 hivi.

Waliondoka tarehe 14 Juni, pamoja na daktari mmoja na kijana mwandishi wa gazeti. Kila baiskeli, pamoja na blanketi, nusu ya hema na chakula kilichotiwa katika mkoba ndani ya fremu, ilikuwa na uzito wa ratili 59 hivi. Katika milima ya Rocky walikutana na mvua na theluji, na kisha tope zito lililonata magurudumuni hata yakakataa kuzunguka. Lakini tope na baridi havikuwa kitu mbele ya Nebraska.

Huko barabara yenyewe ilikuwa mchanga mtupu. Hapakuwa na la kufanya ila kuifuata njia ya reli, na usidhani hiyo ilikuwa nafuu. Mtu aliyejaribu kupanda juu ya mataruma alitikiswa mpaka meno yakagongana; aliyeshuka akasukuma, miguu yake ilitoka malengelenge. Joto lilipita digrii 100 za Farenhaiti, na mti wa kivuli haukuwapo. Walipopata maji, yalikuwa ya chumvi ya magadi. Ewe uliyepata kuonja maji ya ziwa letu la Magadi, huhitaji kuelezwa zaidi. Walio na kiu waliyanywa, wakaumwa na matumbo. Moss mwenyewe aliugua kwa maji hayo, ikambidi abaki nyuma apate nafuu, kisha awafuate kwa gari la moshi. Askari wakaendelea kusukuma. Mchanga ule ulikuwa wa maili 170 hivi, na uliwatwaa siku nne na nusu.

Vitabu vingi humsifu Luteni kwa safari hii, na sifa anastahili. Lakini mimi humfikiria zaidi John Findley, askari wa kawaida aliyekuwa fundi wao. Matairi yalipotoboka na vyuma vilipovunjika, yeye ndiye aliyetazamwa. Humfikiria pia Sajini Mingo Sanders, mtu mzima wa miaka karibu 40, aliyewapita wenziwe kwa umri na asiachwe nyuma nao.

Tarehe 24 Julai waliingia St. Louis, na maelfu ya watu wakatoka kuwalaki. Safari ilikuwa imechukua siku 41, na katika hizo walisafiri siku 34, wastani wa karibu maili 56 kwa siku. Walirudi kwao kwa gari la moshi. Mwaka 1898 vita vya Kuba vilizuka, rejimenti ikapelekwa huko, na habari ya baiskeli ikaachwa.

Sanders naye alikwenda Kuba. Alisimulia baadaye kuwa huko Theodore Roosevelt alimwomba awagawie askari wake biskuti ngumu za jeshi, naye akawagawia. Mwaka 1906 watu wasiojulikana walifyatua risasi usiku katika mji wa Brownsville, Texas, wakamwua mtu mmoja. Lawama ikawaangukia askari weusi wa rejimenti ile. Hawakushtakiwa mbele ya mahakama yoyote, lakini Rais wa Marekani, ambaye sasa alikuwa Roosevelt yule yule, aliamuru 167 kati yao wafukuzwe jeshini bila heshima. Sanders alikuwa mmojawapo, baada ya utumishi wa miaka 25 na zaidi, akiwa karibu kupata pensheni. Alikwenda kuomba arudishwe, akakataliwa.

Mwaka 1972 jeshi lilikiri kosa na kuwarudishia heshima yao wote. Sanders alikuwa amekufa tangu mwaka 1929.