Wosia kwa watu baki

Wosia kwa watu baki ni ule unaowaachia mali watu wasio wa damu ya mwenye mali: rafiki, jirani, mchungaji, mpishi, dada wa kazi. Mtu akifa bila kuusia, mali yake huenda kwa mwenzi wake, watoto na ndugu, kila sheria na mafungu yake. Rafiki aliyekula na marehemu sahani moja kwa miaka thelathini hana fungu lolote. Kwa mtu wa namna hiyo mlango ni mmoja tu, nao ni kwamba marehemu alimtaja katika wosia angali hai.

Kibakwe ni kata katika Wilaya ya Mpwapwa, mkoani Dodoma, na huko mali ya mzee mara nyingi haiko mahali pamoja. Mfugaji wa Kigogo hakusanyi ng'ombe wake wote katika zizi lake. Huwagawa, wengine kwa shemeji, wengine kwa rafiki wa kijiji cha mbali, ili ukame au ugonjwa ukipiga upande mmoja, upande wa pili usalimike. Anayetunza hunywa maziwa, lakini ng'ombe na uzao wake hubaki mali ya mwenyewe. Mpango huu ni mzuri hadi siku ya msiba. Yule mweusi mwenye baka kifuani, aliyezaa mara tatu kwenye zizi la rafiki, ni amana au alishatolewa zawadi? Wana wanasema amana. Rafiki anasema alipewa. Mzee hayupo. Ndiyo maana wosia wa mfugaji ni taarifa ya kilichoko wapi na kwa nani kabla haujawa karatasi ya kugawa chochote, na anayeusikiliza vizuri hujua pia nani alikuwa rafiki wa kweli.

Kanuni za kimila zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, zilizoandikwa kwa ajili ya jamii zinazohesabu ukoo kwa baba, zinakubali wosia wa mdomo. Zinataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Ukiwa wa maandishi na mwenyewe anajua kusoma na kuandika, wawili wanatosha, mmoja kutoka kila upande. Sharti hili lina akili. Ndugu peke yao wanaweza kupanga maneno usiku mmoja. Wageni peke yao wanaweza kununuliwa. Waketi wote kando ya kitanda cha mgonjwa, kila mmoja amsikie mwenzake akisikia.

Kanuni hizohizo zinamfunga mikono mwenye mali. Hawezi kumnyima mrithi wake kwa hasira tu. Lazima pawe na sababu nzito: mrithi amezini na mke wa mwenye wosia, amejaribu kumuua, au amemtelekeza katika njaa au ugonjwa pasipo sababu ya haki. Na mrithi huyo apewe nafasi ya kujitetea. Kwa Mwislamu mpaka uko kwingine: wosia usizidi theluthi moja ya mali, na mrithi halali hausiwi juu ya fungu lake. Theluthi hiyo, kwa hakika, ndiyo nafasi ya watu baki.

Uingereza ya zamani ilimwachia mtu uhuru mpana zaidi, na mabwana wa kule waliutumia kwa namna zilizowashangaza hata ndugu zao. William Shakespeare, ambaye wosia wake wa Machi 1616 unamtambulisha kama muungwana, aliwaachia waigizaji wenzake watatu shilingi 26 na peni 8 kila mmoja wanunue pete za kumkumbuka. Maskini wa Stratford walipata pauni 10, na kijana wa ukoo wa Combe akapata upanga wake. Mali kubwa ilikwenda kwa binti mkubwa, Susanna. Mkewe alitajwa katika mstari uliochomekwa baadaye katikati ya mistari mingine: kitanda cha pili kwa ubora. Wasomi wanabishana hadi leo kama yalikuwa mapenzi au dharau. Msomaji wa Kiswahili anamfahamu mwandishi huyu kwa wosia mwingine, ule wa Kaizari katika tamthilia yake, ambao Antonio anautumia kuwachochea Warumi. Mwalimu Nyerere aliitia tamthilia hiyo katika Kiswahili mwaka 1963.

Mfano mzito zaidi ni wa Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi. Francis Barber, aliyezaliwa utumwani Jamaika, alianza kumtumikia mwaka 1752 akiwa bado mtoto. Johnson hakuwa na mtoto, na alipofariki tarehe 13 Desemba 1784 ilibainika kuwa sehemu kubwa ya alichokuwa nacho ameiacha kwa mtumishi huyo Mweusi, pamoja na posho ya pauni 70 kwa mwaka. Sir John Hawkins, rafiki wa marehemu na mmoja wa wasimamizi wa mirathi, alichukizwa na hakuficha. Barber alihamia Lichfield, mji aliozaliwa bwana wake, na alifariki mwaka 1801.

Wapagazi na viongozi wa misafara iliyokatiza Mpwapwa na Ugogo katika karne ya 19 hawakubahatika hivyo. Mmoja wao, Sidi Mubarak Bombay, aliwatumikia wapelelezi Speke, Stanley na Cameron kwa zamu, na kilichomfikia ni medali, kisha malipo ya uzeeni kutoka Shirika la Kifalme la Jiografia la London mwaka 1876. Hiyo ni hisani ya taasisi. Kwa upande wa Kenya, Lord Maurice Egerton wa Njoro, aliyefariki mwaka 1958 bila mke wala mtoto, aliiachia National Trust ya Uingereza jumba la ukoo wake huko Tatton. Ardhi ya shule ya kilimo, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Egerton, alikuwa ameitoa mapema, akiwa hai. Pengine hilo ndilo lililookoa muda wa mawakili.

Nchini Tanzania wosia umewahi kufungua njia pana kuliko mwenyewe alivyodhani. Katika kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, binti wa Kihaya aliyeachiwa ardhi ya ukoo na baba yake kwa wosia aliiuza kwa mtu baki, na mpwa wake akapinga kwa hoja kuwa mwanamke hana ruhusa hiyo. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alimpa ushindi mwanamke mwaka 1990, akisema mila hiyo inapingana na haki zilizomo katika Katiba.

Leo RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, hupokea na kutunza wosia wa maandishi. Wengi wa vijijini bado huanzia kwenye kikao cha ukoo, ambako msimamizi wa mirathi hupendekezwa, kisha muhtasari hupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Mchungaji asiyetajwa na marehemu anaweza kufika hapo kama mdai. Mshahara ambao hajalipwa, au mtamba aliyeahidiwa kwa kazi yake, ni deni, na deni hulipwa kabla warithi hawajagawana kitu. Ila anahitaji shahidi wa ahadi hiyo, na kwa kawaida aliyeisikia alikuwa mzee mwenyewe tu.