Vumbi la dhahabu na TB ya nyumbani (Sehemu ya 3)

Mama zangu, tuendelee. Leo nawapeleka Johannesburg, halafu tunarudi nyumbani.

Dhahabu ya Witwatersrand iligunduliwa mwaka 1886. Baadaye zikaja mashine za kutoboa mwamba, na zilitoboa kwenye ukavu, bila maji. Vumbi lake si kama hili la barabarani. Ni chembe ndogo sana za silika, zinafika chini kabisa kwenye mapafu na hazitoki. Askari wa mwili wakizimeza wanakufa, mapafu yanabaki na makovu. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi.

Sasa hao askari ndio hao hao wanaopambana na vijidudu vya TB. Wakipungua, TB inapata njia. Mwenye silikosisi ana hatari ya kuugua TB kama mara tatu ya mtu mwingine.

Baada ya vita ya 1899 hadi 1902 ilionekana wachimbaji wengi wa Kizungu wamekufa wakiwa bado vijana. Serikali ikaunda tume, na mwaka 1911 na 1912 zikapitishwa sheria za fidia. Lakini mchimbaji Mwafrika alilipwa kidogo mno kuliko Mzungu, na akizidiwa alirudishwa kwao. Lesotho, Transkei, Msumbiji, baba anarudi na kikohozi, mama anamuuguza chumba kimoja na watoto. Silikosisi haiambukizi jamani. TB ndiyo iliyoenea vijijini.

Hata kwetu, kabla ya uhuru, vijana wa Rungwe walienda migodi hiyo.

Kampuni za dhahabu zilikuja kukubali kuwalipa wagonjwa na familia za marehemu, na mahakama ya Johannesburg ikaidhinisha Julai 2019. Hesabu wenyewe ni miaka mingapi.

Kwa nini nawasimulia? Kwa sababu leo tuna wachimbaji Mererani, Geita, na wapasua kokoto huku mitaani. Mtu akiacha kazi, vumbi linabaki kifuani, na TB inaweza kuja miaka mingi baadaye. Unakuta baba anakohoa, tunaulizwa kuhusu sigara tu, mgodi hautajwi.

Mama, utaje. Mwambie nesi, "Aliwahi kufanya kazi mgodini." Akikohoa wiki mbili, au akitoa damu, akikonda, akitokwa jasho usiku, aje apimwe. Kipimo na dawa za TB ni bure vituo vya serikali. Akikutwa nayo, lete na watoto wote wachunguzwe, hasa walio chini ya miaka 5, hata kama wanacheza vizuri. Wasioumwa wanaweza kupewa dawa za kinga.