Mvinyo na Hadhi katika Stanleyville

Mji wa Kisangani, ambao hadi mwaka 1966 ulijulikana kwa jina la Stanleyville, ndio ukomo wa safari ya meli zinazopanda Mto Kongo kutoka Kinshasa, mwendo upatao kilomita 1,700; na katika shehena zilizoteremshwa ufukoni pake zama za Wabelgiji zilikuwamo chupa za mvinyo wa Ulaya, ambazo Mzungu yeyote aliweza kuzinunua dukani kwa Mgiriki au Mreno, ilhali hamali aliyezichukua begani alikatazwa na sheria kuzinunua.

Asili ya katazo hilo ni Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, ambao ndani yake mataifa yaliyokutana kwa nia ya kukomesha biashara ya watumwa yalizuia pia pombe kali isienee katika nchi za Afrika zilizo baina ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya ikweta. Ukafuatwa na Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919. Sitawanyima insafu walioiandika mikataba hiyo, maana pombe ile ya magendo na ya bei rahisi ilikuwa imekwisha kuharibu watu wengi. Lakini rehema hiyo, ilipofika mikononi mwa serikali ya Kongo, iligeuka kuwa mpaka baina ya rangi na rangi: bia iliachwa kwa wote, mvinyo na pombe kali vikawa vya Wazungu. Wala ulevi haukukoma, kwani lotoko, pombe inayokenekwa kwa mahindi na mihogo, ilipikwa kwa siri, na aliyeinywa hakujua amekunywa nini.

Walikuwako mjini watu waliojiepusha na kileo kwa sababu yao wenyewe, nao ni Wangwana, kizazi cha wale waliofuatana na Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, aliyekubali mwaka 1887 kuwa wali wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji katika Stanley Falls, palipo na mji huu. Kwao, wakiwa Waislamu, kileo ni haramu. Hata hivyo katazo la dini humfunga kila muumini, tajiri kwa maskini, mweupe kwa mweusi, naye hulitii kwa imani yake. Katazo la serikali lilimtazama mtu ngozi likamhukumu kabla hajatenda lolote. Kwa hiyo hata asiyekunywa alikuwa na haki ya kulichukia.

Waliokereka kupita wote ni makarani, wauguzi na walimu, wale Wabelgiji waliowaita évolués. Walikuwa wamesoma, wamevaa na kuketi mezani kama walivyofundishwa, kisha wakaambiwa kuwa mbele ya bilauri ya mvinyo wao ni watoto wasioaminika. Jarida la La Voix du Congolais, lililoanzishwa mwaka 1945 chini ya uhariri wa Antoine-Roger Bolamba, liliwapa pahali pa kusemea juu ya hali yao. Serikali ikawajibu kwa vyeti: mwaka 1948 kadi ya stahili ya uraia, na mwaka 1952 uandikishaji uliomtaka mwombaji akubali kuchunguzwa elimu, mwenendo, hata nyumba anamokaa na mkewe. Patrice Lumumba, karani wa posta katika Stanleyville na kiongozi wa chama cha évolués wa mji huo, alikataliwa kwanza, akadai tena, akaandikishwa mwaka 1954.

Hapa ndipo ninapowalaumu, ingawa nawaheshimu. Hoja yao ilikuwa ya haki, lakini waliidai kwa muda mrefu kama upendeleo wa akali ya watu waliostaarabika, wakawaacha nje mpiga kasia wa kabila la Wagenia, mpishi na hamali, kana kwamba hadhi hupatikana kwa mtihani. Lumumba mwenyewe aliipita fikira hiyo. Mwaka 1957 alihamia Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, akafanya kazi ya kuieneza bia ya Polar, akajuana na watu wa kila namna katika mabaa ya mitaa ya Waafrika. Na Oktoba 1958 akashiriki kuunda chama cha Mouvement National Congolais, ambacho hakikuuliza mwanachama ana kadi gani.

Miaka ya mwisho ya ukoloni marufuku ya mvinyo ililegezwa. Shukrani haikustahili kutolewa: serikali ilirudisha ilichokuwa imekitwaa bila haki, na ilikirudisha ikiwa imechelewa mno.