Mkwaju Alikufa, Tunu Akabaki

Likizo iliyopita nilimuuliza mama mkubwa swali nililokuwa nimewauliza watu kwa wiki tatu, Kayanga, Nyaishozi na Omurushaka, kisha nikavuka hadi Nkwenda: anakumbuka nini kuhusu mchezo wa redio wa Twende na Wakati? Alikuwa jikoni anamenya ndizi. Hakuinua uso. "Yule Tunu," akasema, "alipotoka kwa mume wake, watoto walilala wapi?"

Nilicheka, nikidhani ananitania. Nilikuwa nimezoea majibu yanayoanza na Mkwaju. Kila niliyemuuliza alianza na Mkwaju. Siku ile sikuandika kitu kwenye daftari langu, na nimekaa na swali lake tangu hapo.

Kwa mliozaliwa baadaye, kama mimi, maelezo kidogo. Twende na Wakati ulianza kurushwa na Radio Tanzania Dar es Salaam katikati ya mwaka 1993, mara mbili kwa juma, nusu saa kila sehemu. Radio Tanzania iliutengeneza kwa kushirikiana na Population Communications International, shirika lenye makao yake New York. Lengo halikuwa siri: uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI. Wahusika walikuwa wengi, lakini ukimuuliza leo mtu aliyekuwa mkubwa miaka ile, jina la kwanza litakalomtoka ni Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima. Mkewe ni Tunu. Anavumilia, anavumilia, mwisho anamwacha, anaanzisha biashara yake ndogo na kulea watoto. Mkwaju anaugua UKIMWI na kufa. Tunu anasalimika.

Mtindo huu wa kutunga ulisafiri mbali kabla ya kutufikia. Mwaka 1969 tamthilia ya Peru iitwayo Simplemente María ilimwonyesha mtumishi wa ndani anayejifunza kushona kwa cherehani hadi anafanikiwa, na wanawake waliokuwa wakiitazama wakavutwa kujifunza kushona. Miguel Sabido, mtayarishaji wa Mexico, aliichunguza nguvu hiyo akaigeuza kuwa kanuni, akaitumia mwaka 1975 katika Ven Conmigo, tamthilia ya kuhimiza elimu ya watu wazima. India ilifuata mwaka 1984 na Hum Log. Kenya ikaja na Ushikwapo Shikamana mwaka 1987.

Kanuni ya Sabido ina wahusika wa aina tatu. Yupo mwema anayetuzwa, yupo mbaya anayeadhibiwa, na yupo wa katikati anayesitasita, kisha anabadilika. Moyo wa mchezo ni huyu wa katikati, kwa sababu msikilizaji wa kawaida si malaika wala shetani. Anatakiwa ajione katika yule anayesitasita. Kwa hesabu hiyo, Mkwaju aliwekwa awe onyo tu. Mwenye hadithi alikuwa Tunu.

Huku kwetu waliuita mchezo wa Mkwaju.

Mwaka 1993 Karagwe na Kyerwa zilikuwa bado wilaya moja. Kyerwa ilijitegemea mwaka 2012. Mchezo ulipoanza, ugonjwa ulikuwa umekaa Kagera miaka kumi. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa Tanzania walikuwa wa mkoa huu, mwaka 1983. Kufikia 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa na wagonjwa. Kabla jina la UKIMWI halijaenea, watu wa Kagera waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiingia kwa magendo kutoka Uganda, kwa sababu waliokufa mwanzo walikuwa wafanyabiashara wa mpakani na wanawake waliovishwa nguo hizo. Wilaya yetu ilipakana na Uganda na Rwanda pia. Pale Murongo, mto Kagera ndio mpaka, na kahawa ilijua kuuvuka usiku.

Vifo vilikuwa vingi kiasi kwamba kati ya 1991 na 1994 Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifuatilia kaya zaidi ya mia tisa za Kagera, kupima kifo cha mtu mzima kinaiachaje kaya. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa utingo wa malori ya kahawa. Alifariki mwaka 1991. Kwa hiyo redio ilipomleta Mkwaju, nyumbani kwetu hakuwa mgeni. Walikuwa wamekwisha kumzika.

Wazee wananiambia redio ilikuwa moja kwa nyumba nne au tano, na mawe yake yalianikwa juani ili yafike jioni. Mchezo ulipoisha, watu hawakuondoka. Walibaki kubishana, na mabishano hayo ndiyo niliyoyafuata huku na huko nikiwa na daftari.

Dereva mmoja mstaafu wa Omurushaka bado ana hasira. Anasema mchezo uliwatwisha madereva mzigo wa nchi nzima. "Mwalimu hakuwa na wanawake? Bwana shamba je? Kwa nini iwe lori?" Mwalimu wa kike wa Nkwenda, naye mstaafu, alilalamika kinyume chake: Mkwaju alipewa maneno yote matamu na vichekesho vyote, Tunu akapewa machozi, na kwa sababu hiyo vijana wa darasani kwake walimwiga Mkwaju kutembea na kuongea, lakini hakuna aliyemwiga Tunu. Mzee wa Nyaishozi yeye hakujali nani ana maneno mengi. Alichotaka ni ugonjwa usemwe ulivyo. Wao walikuwa wameuguza. Walijua homa inarudi baada ya muda gani, kinywa kinaharibikaje, mtu anafika lini mahali pa kubebwa. Walikaa mbele ya redio kama mafundi wanaomkagua fundi mwenzao.

Mashabiki wa hadithi ndefu wako hivyo kila mahali. Arthur Conan Doyle alipomuua Sherlock Holmes Desemba 1893, wasomaji wa Uingereza walilalamika miaka na miaka, na mwaka 1903 mwandishi akakubali yaishe: akaeleza kwamba Holmes hakufa, alijificha. Septemba 1955 BBC ilimuua Grace Archer, mhusika wa mchezo wa redio wa The Archers, kwa ajali ya moto. Wasikilizaji wakapiga simu hadi laini zikazidiwa. Anayefuata hadithi miaka mingi huona ana hisa ndani yake. Hudai mhusika wake asiachwe nyuma, na hudai kilichosemwa jana kisikanushwe kesho.

Ila nilipouliza kama kuna aliyetaka Mkwaju afufuliwe, wote watatu walinishangaa. Holmes angeweza kutoka mafichoni kwa sababu kuanguka kwake kwenye maporomoko hakukuwa habari ya kijiji cha mtu yeyote. Mkwaju angepona mwaka 1994 au 1995, Karagwe wangezima redio. Mbaya zaidi, wengine wangeamini. Waganga waliodai kuponya hawakukosekana, na zipo familia zilizouza ng'ombe kwa ajili yao. Kifo cha Mkwaju kilikuwa mwisho pekee ambao wasikilizaji hawa wangeukubali kuwa wa kweli.

Hapo ndipo nilipoanza kulielewa swali la mama mkubwa. Alikubaliana na wenzake kuhusu kifo. Kosa alilolikamata lilikuwa upande wa pili, kwa Tunu, mahali ambapo hakuna mwingine aliyekuwa anatazama.

Tunu anamwacha mume, anafungua biashara, maisha yanaendelea. Anaondoka na watoto kwa haki gani? Huku watoto ni wa ukoo wa baba. Nyumba imezungukwa na kibanja, migomba na mibuni pamoja, na makaburi ya wenye ukoo yamo humo humo. Mwanamke hula kibanjani kwa sababu ya mume au ya watoto. Akiondoka, anaondoka na alichovaa. Mtaji wa biashara ya Tunu ulitoka wapi, kama si kwenye kahawa ambayo si yake? Mama mkubwa aliposikia Tunu amefunga mizigo, aliona hadithi imeruka ukurasa.

Ukurasa huo ulikuwa unaandikwa mahakamani wakati ule ule. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi ardhi kwa baba yake kwa wosia, akauza. Mwanaume wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akafungua kesi, kwa kuwa mila ya Wahaya haikumruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mila hiyo ni ya ubaguzi na inapingana na Katiba, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanaume. Wanafunzi wa sheria wa Afrika Mashariki wanaisoma hukumu hiyo hadi leo. Lakini ilimhusu binti aliyerithi kwa wosia. Mjane aliyekaa kibanjani kwa mumewe, ukoo ukiwa umekuja na vikao vyake, hakupata mengi humo, hata kama angeisikia habari yenyewe. Mama mkubwa hakuisikia. Mwaka 1991, arobaini ya baba mkubwa haijaisha, aliambiwa achague: arithiwe na shemeji, au arudi kwao na watoto wabaki. Hakuchagua. Alikataa kutoka ndani. Alilala humo na watoto wake watatu, mlango umefungwa kwa gogo, mpaka babu aliposema basi, aachwe.

Hayo nimeyajua mwaka jana. Nina miaka ishirini na sita. Habari za baba mkubwa nimezijua tangu utoto: alivyoimba barabarani, alivyoleta sukari, alivyougua na nani alimwogesha. Kumbe na sisi nyumbani tulikuwa na mchezo wa Mkwaju. Aliyekufa alipewa kila jioni, na aliyebaki miaka thelathini akizipalilia zile zile ndizi tulizokuwa tunakula alikuwa anapita tu nyuma ya maneno ya wengine.

Watafiti waliopima Twende na Wakati walifanya kazi ya makini. Mkoa wa Dodoma haukurushiwa mchezo hadi 1995, ili ulinganishwe na mikoa mingine, na miongoni mwa wasikilizaji waliohojiwa asilimia 82 walisema mchezo uliwafanya wabadili tabia kujikinga na virusi. Sina sababu ya kuidharau namba hiyo. Ndani yake huenda wamo watu walio hai leo. Ila dodoso lililenga tabia, na swali la mama mkubwa lilihusu ardhi.

Mwaka 2004 Tanzania ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo. Hapo hadithi ya Mkwaju ikageuka tena, safari hii bila mwandishi. Mzee wa Nyaishozi ana mjukuu anayetumia dawa hizo. Ameoa, ana watoto, analima. "Mkwaju aliwahi," mzee akaniambia. "Angengoja miaka kumi." Alilisema kama mtu anayemzungumzia jirani. Kijana anayeusikia mchezo ule leo anaweza kuuliza kwa nini dereva yule hakwenda tu hospitali, na asipoelezwa mwaka, hataelewa kitu.

Kwa Tunu, dawa hazikubadilisha swali. Bado kuna wajane, wa ugonjwa huu na wa mengine, wanaokaa kwenye vikao wakisubiri kuambiwa watalala wapi.

Pendekezo langu la tasnifu lilikuwa na kichwa cha habari chenye jina la Mkwaju. Nimelirudisha kwa msimamizi na jina jingine, na nimeongeza sura nzima ya vibanja. Siku ya kuondoka nilimwambia mama mkubwa kwamba nimelifikiria swali lake, na kwamba nadhani waandishi hawakujua jibu. Alikuwa anafunga mkungu wa ndizi niende nao Dar.

"Walijua," akasema. "Walikuwa na haraka ya kumfikisha sokoni." Kisha akavuta kamba, akaniuliza basi linaondoka saa ngapi.